Baba akivuka mpaka, faili la matunzo nalo livuke

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo linaloziumiza familia nyingi za Mwanza na za ukanda wote wa ziwa, kuanzia Ukerewe hadi Musoma na Bukoba: matunzo ya mtoto ambaye mzazi wake mmoja anaishi nje ya Tanzania. Maneno yanayorudiwa vibarazani ni kwamba baba akishavuka Sirari au Mutukula, au akishapanda ndege, hakuna tena la kufanya. Kwa kauli hiyo akina mama wengi hawafungui shauri kabisa. Si kweli. Njia zipo, nyingine pana na nyingine nyembamba. Tunavyoona sisi tunaoshughulika na mashauri haya, mengi hayafii London wala Kisumu. Yanafia hapa hapa, kwa sababu faili lililotumwa halikuwa na vitu ambavyo mahakama ya ugenini inavihitaji ili iweze kufanya kazi.

Kabla ya kuwaza ng'ambo, tazameni kwanza alichoacha nyuma. Mtu anayehamia Kampala au Birmingham mara nyingi huacha kiwanja Buswelu, vyumba vya kupangisha Igoma, mtumbwi na injini mwaloni (ufukweni wavuvi wanakoshushia samaki), au akaunti ya benki hapa mjini. Mwingine ametumwa nje na mwajiri wa Kitanzania na mshahara wake bado unaingia katika benki ya Tanzania. Kwa watu wa namna hiyo hakuna haja ya mkataba wowote wa kimataifa. Amri ya matunzo ya mahakama yetu inakazwa hapa hapa: kodi ya wapangaji inazuiwa na kuelekezwa kwa mtoto, mshahara unakatwa, mali inakamatwa. Mama anayekuja kuuliza habari za ubalozi aulizwe kwanza habari za nyumba.

Ikiwa hakuna mali, au haitoshi, safari inaanza kwa kupata amri nzuri hapa nyumbani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimtaki mama awe na talaka, wala haimtaki awe alifunga ndoa. Wengi hupoteza miezi kwenye baraza la usuluhishi la kata wakidhani ni lazima, kumbe usuluhishi ule ni sharti la shauri la talaka. Ombi la matunzo ya mtoto linapelekwa Mahakama ya Watoto, na anayeweza kuliomba si mama peke yake. Baba anayelea anaweza, mlezi anaweza, ndugu wa mtoto anaweza, ofisa ustawi wa jamii anaweza, na mtoto mwenyewe anaweza kupitia mtu mzima anayemsimamia. Hili la ndugu tunalitilia mkazo, kwa sababu siku hizi wapo mabibi kule Sengerema na Magu wanaolea wajukuu wakati mama yuko Uarabuni kwenye kazi za ndani na baba hajulikani alipo. Wajibu wa matunzo ni wa wazazi wote wawili. Bibi huyo ana haki ya kuomba amri dhidi ya yeyote kati yao mwenye uwezo.

Kuna jambo la muda ambalo limewafungia mlango wengi. Kwa mwanamume anayekana kuwa yeye ndiye baba, sheria imeweka mipaka: ombi liletwe kabla mtoto hajazaliwa, au ndani ya miezi 24 tangu azaliwe. Ukishapita muda huo, bado linapokelewa ikithibitika kwamba mwanamume huyo alitoa fedha za matunzo ndani ya miezi hiyo 24. Na kama aliondoka nchini ndani ya kipindi hicho, hesabu ya miezi 24 inaanza upya siku anaporudi. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni hii: ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money wa Sh30,000 aliotuma mtoto akiwa na miezi minne unaweza kuwa ndio unaoliokoa shauri miaka sita baadaye. Usifute ujumbe, usitupe laini. Kama simu imepotea, nenda kwa kampuni ya simu na kitambulisho chako uombe taarifa ya miamala mapema.

Ubaba ukibishaniwa, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Baba akiwa nje, sampuli yake haiwezi kuwa mswaki aliouacha kwa dada yake. Ni lazima ichukuliwe mbele ya mtu anayetambulika, mtoaji athibitishwe kwa pasipoti, kifurushi kifungwe kwa lakiri, na kila mkono kilikopitia uandikwe. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, majibu yanapingwa hata kama ni sahihi. Kwa hiyo, mwanamume akiwa bado yuko Mwanza na ana tiketi ya wiki ijayo, wiki hii ndiyo ya kuomba kipimo.

Sasa tufike kwenye amri yenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Tunaziona amri zinazosema "mjibu maombi atoe matunzo ya kutosha kwa mtoto na kulipa ada ya shule na matibabu." Hapa Mwanza maneno hayo yanaweza kusaidia, maana hakimu yuleyule anaweza kuwaita tena na kuuliza ada ni shilingi ngapi. Yakivuka mpaka hayana kazi. Karani wa mahakama ya Manchester au Kisumu anaweza kudai namba tu. Hajui "kutosha" ni kiasi gani, na wala si kazi yake kukadiria. Amri inayosafiri ni ile inayosema kiasi, sarafu, tarehe, njia ya malipo na mwisho wake. Kwa mfano: Sh150,000 kila mwezi, kabla ya tarehe 5, kwenye akaunti yenye namba na jina lililotajwa, kuanzia tarehe ya maombi hadi mtoto atimize miaka 18. Ada igeuzwe kuwa sehemu ya malipo ya mwezi. Ada na sare zikiwa Sh900,000 kwa mwaka, gawanya kwa 12, unapata Sh75,000, na amri inakuwa Sh225,000 kwa mwezi. Mahakama ya nje haitahangaika tena na risiti za shule kila muhula.

Ili hakimu afike kwenye namba hiyo, mwombaji aje na namba. Sheria inamtaka hakimu atazame kipato na mali za wazazi wote wawili, jambo lolote linalopunguza uwezo wa mzazi kuzalisha, watoto wengine wanaomtegemea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Hilo la mwisho linasahaulika na pande zote mbili. Mtoto akiishi Nyakato, gharama ni za Nyakato: chumba, unga, mchele, dagaa, mafuta ya kula, mkaa au gesi, nauli ya daladala, dawa, bima, daftari. Andika kila kitu kwa wiki kisha zidisha kwa 52 na ugawe kwa 12. Ukizidisha kwa nne unapoteza wiki nne kila mwaka. Kipato cha baba nacho kinahitaji ushahidi: barua ya ajira, picha ya kitambulisho cha kazi, hati ya mshahara aliyoitumia kuomba viza, jina la kampuni anayoitaja kwenye ujumbe wake. Mahakama inaweza pia kumwagiza ofisa ustawi wa jamii aandike taarifa ya uchunguzi wa hali ya mtoto. Taarifa hiyo ikiwa na tarakimu, na si masikitiko pekee, inakuwa ushahidi mzuri hata ng'ambo.

Majina nayo yana balaa lake. Kijiweni anaitwa Baba Neema, kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto ana majina mawili, kwenye kitambulisho cha NIDA ana matatu, na kwenye pasipoti herufi moja imebadilika. Mahakama ya ugenini ikiona majina manne itauliza kama ni watu wanne. Majina yote yaandikwe kwenye amri, kwa maneno "ambaye pia anajulikana kama", pamoja na tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti kama inajulikana. Na cheti cha mtoto cha RITA kipatikane mapema, kisisubiri siku ya kutuma faili.

Kisha kuna wito. Sababu moja ya amri kukataliwa nje ya nchi ni mdaiwa kusema: "Sikuwahi kuambiwa." Kama baba alikuwapo na alihudhuria, hakikisha mwenendo wa shauri unaonyesha tarehe alizohudhuria. Kama alikwishaondoka, usimtumie wito kwa WhatsApp kwa utashi wako ukadhani umemaliza. Kwanza iombe mahakama itoe ruhusa ya kumfikishia wito kwa njia mbadala, ruhusa hiyo iandikwe, kisha aliyeupeleka ale kiapo akieleza aliutuma lini, kwa namba ipi, kwa nini anaamini namba hiyo ni ya mdaiwa, na kama ujumbe ulisomwa. Karatasi hizi mbili, ruhusa na kiapo, zinastahili kukaa juu kabisa ya faili.

Tuje kwenye nchi zenyewe. Uingereza tunaieleza kwa kirefu kwa sababu njia yake iko wazi kuliko nyingine na watu wa Kanda ya Ziwa wako wengi huko. Kwa sheria yake ya mwaka 1972, Uingereza inaitambua Tanzania, ukiacha Zanzibar, kuwa nchi inayotekelezeana nayo amri za matunzo. Kuna milango miwili. Wa kwanza ni kwa mwenye amri kamili iliyotolewa baba akiwa amepewa nafasi ya kusikilizwa. Amri hiyo inapelekwa, inasajiliwa katika mahakama ya eneo anakoishi baba, na kuanzia hapo inatekelezwa kama ya kwao, ikiwamo kuagiza mwajiri akate mshahara. Wa pili ni kwa ambaye baba alishaondoka kabla shauri halijafunguliwa. Mahakama ya hapa inasikiliza ushahidi wa mama peke yake na kutoa amri ya muda, isiyo na nguvu yoyote hadi ithibitishwe. Amri hiyo na ushahidi vinatumwa Uingereza, baba anaitwa mahakamani huko, naye anaruhusiwa kutoa utetezi wowote ambao angeutoa kama angekuwapo Mwanza. Mahakama ya huko inaweza kuithibitisha, kuibadilisha kiasi, kuikataa, au kuirudisha ikitaka ushahidi zaidi.

Mlango huu wa pili unahitaji uangalifu mkubwa. Mama hayupo pale baba anapojitetea, kwa hiyo yaliyoandikwa ndiyo mdomo wake. Ushahidi ulioandikwa kwa mistari sita, "tulizaa naye, hatunzi, naomba msaada," utaangushwa na swali la kwanza. Maelezo ya mama yajibu mapema yale ambayo baba ataweza kusema: kwamba mtoto si wake, kwamba alikuwa akituma fedha kwa kaka yake, kwamba mama ana biashara, kwamba yeye ana watoto wengine huko. Na ni kweli kwamba wapo akina baba waliotuma fedha zikaliwa njiani na ndugu. Mama aseme wazi alichopokea na ambacho hakupokea.

Faili linaloondoka kwenda Uingereza kwa amri kamili liwe na nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama. Cheti cha ofisa wa mahakama kwamba amri hiyo inatekelezeka. Cheti cha malimbikizo. Maelezo ya aliko mdaiwa. Maelezo ya kumtambua. Na picha yake kama ipo. Kwa amri ya muda, badala ya cheti cha utekelezaji na cha malimbikizo, kunakuwa na ushahidi ulioandikwa na kuthibitishwa, pamoja na cheti kinachotaja hoja ambazo mdaiwa angeweza kuzitumia kupinga. Cheti hiki cha hoja ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, na faili lisilokuwa nacho hurudishwa. Nyaraka hazitumwi na mama kwa posta. Zinatoka mahakamani, zinapitia serikalini, na kwa upande wa England na Wales zinapokelewa na kitengo kinachoitwa REMO kabla ya kufika mahakama ya familia. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, jambo tunalolifurahia, lakini kwa faili la nje weka tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa kwa kila ukurasa, mihuri ikiwamo.

Tahadhari moja: wapo wanaoelekezwa kuomba moja kwa moja kwenye shirika la serikali ya Uingereza linalokokotoa na kukusanya matunzo ya watoto. Shirika hilo kwa kawaida linahudumia familia ambazo mtoto na wazazi wote wawili wanaishi Uingereza. Mtoto akiwa Mwanza, litakujibu kwamba halina mamlaka. Njia ni ya mahakama.

Cheti cha malimbikizo kinahitaji hesabu ya mwezi kwa mwezi. Chora safu nne: mwezi, kilichopaswa kulipwa, kilicholipwa, kinachobaki. Tuseme amri ni Sh150,000 na imepita miezi 14. Deni ni Sh2,100,000. Alituma Sh100,000 mara nne, jumla Sh400,000. Malimbikizo ni Sh1,700,000. Usifiche ile mara nne. Atakuja na risiti zake, na hesabu moja ikionekana ya uongo nyingine zote zinatiliwa shaka. Viatu, simu na begi la shule aliloleta likizo havihesabiwi kuwa malipo ya amri isipokuwa amri yenyewe iseme hivyo, lakini vitaje ili lisiwepo la kushtukiza.

Na kuhusu sarafu: amri ya shilingi ikisajiliwa Uingereza inageuzwa kuwa pauni kwa kiwango cha siku ya usajili, na namba hiyo ya pauni ndiyo inayoendelea kudaiwa. Shilingi ikishuka baadaye, mtoto ananufaika kidogo, ikipanda, anapunjika. Mabadiliko makubwa yanadai ombi la kurekebisha amri, na ombi hilo lina taratibu zake kama lile la kwanza. Akina baba nao walisikie hili. Aliyepoteza kazi asinyamaze. Aombe kurekebishwa kwa amri mara moja, maana kunyamaza hakulipi deni, na malimbikizo yanazidi kukua kwa kiwango kilekile cha zamani.

Kwa majirani zetu Kenya na Uganda hali ni tofauti. Nchi zote mbili zinazo sheria za utekelezaji wa amri za matunzo kutoka nje, zenye asili moja ya kikoloni na yetu, kwa mfumo uleule wa kusajili amri kamili na kuthibitisha amri ya muda. Zipo pia sheria za jumla za kusajili hukumu za madai za nje, lakini hizo zimetengenezwa kwa deni la mkupuo lililokwisha kuamuliwa, na amri ya matunzo inaweza kubadilishwa kesho. Ukiingia kwa mlango huo utabishaniwa kama hukumu ni ya mwisho au la, badala ya chakula cha mtoto. Kwa maoni yetu, baba akiwa na makazi yanayojulikana Kisumu, Homa Bay au Kampala, mara nyingi ni afadhali kufungua ombi jipya kule aliko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inasema wajibu wa kumtunza mtoto ni sawa kwa baba na mama, wawe wamefunga ndoa au la, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaipa mahakama ya watoto uwezo wa kuamuru matunzo. Kiswahili ni lugha rasmi huko. Tangu Machi 2024 mahakama za Kenya zinapokea nyaraka kwa mtandao nchi nzima, na kusikiliza mashauri kwa video ni jambo la kawaida, hivyo mama aliyeko Mwanza anaweza kuomba atoe ushahidi bila kulipa nauli ya basi kila mara shauri linapoahirishwa. Kwa Uganda kuna mahakama ya familia na watoto wilayani, na ombi linaweza kuletwa wakati wowote kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Sharti letu ni moja: kama tayari una amri ya Tanzania, itaje kwenye ombi jipya. Amri mbili kwa kipindi kimoja zinavunjana, na anayeificha anaonekana mdanganyifu.

Wavuvi wanastahili aya yao. Mtu anayefuata sangara au dagaa leo yuko Ukara, mwezi ujao yuko kisiwa cha upande wa Uganda, na baada ya hapo yuko mwalo wa Kenya. Anuani yake haiko kwenye bili ya umeme. Iko kwenye daftari la BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo, ambacho kipo Tanzania na Kenya. Barua ya kiongozi wa BMU inayosema fulani amesajiliwa hapa, anafanya kazi kwenye mtumbwi wenye namba hii, ni ushahidi mzuri wa mahali pa kumpatia wito. Kipato chake nacho hakifuati kalenda ya ofisini. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Amri inayomtaka alipe tarehe 5 kila mwezi inaweza kuangukia siku ambazo hana kitu mfukoni. Ni busara kuomba kiasi cha mwezi kigawanywe mara mbili na kulipwa kwa simu kadiri msimu wa giza unavyokwenda. Kutuma kwa M-Pesa kati ya Kenya na Tanzania kunawezekana tangu mwaka 2015 na kunaacha kumbukumbu, ambayo bahasha iliyopitia kwa dereva wa basi haiiachi.

Marekani haina makubaliano ya matunzo na Tanzania, na anayewaambia watu vinginevyo anawapotezea fedha. Hata hivyo, mlango haujafungwa kabisa. Sheria za majimbo zinairuhusu mahakama kuiheshimu amri ya nchi isiyo na mkataba kwa hiari yake, na mzazi anaweza kuomba moja kwa moja kwenye jimbo anakoishi mdaiwa. Amri ikishatambuliwa huko, nguvu yake ni kubwa: mshahara unakatwa na mwajiri, na Mmarekani mwenye malimbikizo yanayozidi dola 2,500 ananyimwa pasipoti. Ni safari ndefu na inahitaji wakili wa jimbo hilo.

Ndiyo maana, Mhariri, tunaisihi serikali iangalie upya Mkataba wa Hague wa tarehe 23 Novemba 2007 kuhusu matunzo ya watoto na familia kimataifa. Ulianza kutumika mwaka 2013. Umoja wa Ulaya, Uingereza, Marekani na Brazil zimo, na katika Afrika Botswana imejiunga. Tanzania haimo. Mkataba huo unaitaka kila nchi iwe na ofisi moja kuu ya kupokea na kutuma maombi. Ombi likifika, ofisi ya nchi ya pili inatakiwa kukiri kulipokea ndani ya wiki sita, na ndani ya miezi mitatu mingine kueleza limefikia wapi. Msaada wa kisheria kwa matunzo ya mtoto wa chini ya miaka 21 ni bure, mzazi akiwa tajiri au maskini. Fomu ni za namna moja. Mama wa Kirumba mwaloni, ambaye leo hana ofisi hata moja anayoweza kuiuliza faili lake limefika wapi, angekuwa nayo. Na kwa majirani, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ibara ya 126, umekwisha kuzitaka nchi wanachama zioanishe sheria zake. Watu, samaki na simu vinavuka ziwa kila siku. Amri ya matunzo ya Nyamagana nayo ingeweza kusajiliwa Kisumu kwa fomu moja, na ya Kisumu hapa Nyamagana, maana wapo pia Watanzania wanaowakimbia watoto wao walioko Kenya na Uganda.

Wakati hayo yakisubiriwa, mwenye shauri la namna hii aanzie kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, Jiji la Mwanza au Ilemela, au kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, ambao hawaruhusiwi kumtoza mtu asiye na uwezo. Aende na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chake, majina yote ya mdaiwa, picha yake ya karibuni, namba zote za simu alizowahi kutumia, jina la mwajiri au mwalo, taarifa ya miamala, na orodha ya gharama za mtoto kwa mwezi. Asitangulie kumtangaza mtandaoni. Anayejua anatafutwa hubadilisha namba na kazi, na kazi yake ndiyo tunayoihitaji ibaki pale pale hadi barua ya makato imfikie mwajiri.

Wasaidizi wa kisheria,
Nyakato, Mwanza